Mche Uliochanua, Yai la Kahawia na Imani Nyingine za Wateja wa Vitalu na Maduka ya Shambani

"Mche wenye maua mengi ndio mzuri." Imani hii ndiyo inayowagharimu wateja kuliko zote, na wauzaji wanaijua: miche iliyochanua hupangwa mbele kabisa, karibu na mlango. Mche uliochanua ungali ndani ya chungu umeshatumia nguvu nyingi kwenye maua, na ukihamishwa mara nyingi hupukutisha hayo hayo yaliyokuvutia. Afadhali wenye vitumba vilivyofumba na shina fupi nene. Geuza majani utazame chini yake, maana huko ndiko hujificha inzi weupe na vidukari. Kisha inua chungu. Mizizi ikiwa imetokeza kwa wingi kwenye matundu, mche umekaa humo kupita kiasi. Mizizi iliyojizungusha hivyo huchelewa kushika ardhi. Muuzaji mzuri hakasiriki ukiomba kuiona. Akikataa, nalo ni jibu.

Wengine hudhani mti wa matunda ulio mrefu utazaa mapema. Urefu hausemi lolote kuhusu hilo. La kuuliza ni kama mche umebebeshwa, yaani umeunganishwa na kikonyo cha mti mwingine mzuri. Mparachichi ulioota kwenye kokwa huweza kuchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na matunda yake huenda yasifanane na yale uliyoyapenda. Wa kubebesha kwa kawaida huanza katika mwaka wa 3 au wa 4. Alama yake ni kovu la kiungo juu kidogo ya udongo. Unapopanda, usilifukie.

"Kila kilichomo katika duka la shambani kimelimwa hapo hapo." Si kweli kila mahali. Maduka mengi hujazia rafu kwa bidhaa za jumla, hasa msimu unapokwisha. Mimi sioni kosa, ilimradi wanasema wazi. Muulize mhudumu: wiki hii mmevuna nini hapa? Tunda ambalo msimu wake umepita litajieleza lenyewe.

Mayai ya kahawia hayana lishe zaidi kuliko meupe. Rangi ya ganda hutokana na aina ya kuku, basi.

Asali iliyoganda nayo husingiziwa kuwa imetiwa sukari. Asali safi huganda kwa sababu ya glukosi, sukari yake ya asili, iliyomo, nyingine mapema kuliko nyingine, na ukiweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu itayeyuka. La kuhofia ni jingine: mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, hata iwe safi namna gani, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli.

Kuhusu maziwa mabichi sina upole. Ng'ombe anayeonekana mzima anaweza kuwa na bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu na kuwaletea homa, na usafi wa ndoo hauondoi ugonjwa ulio ndani ya maziwa. Viwandani huyapasha joto hadi nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, nyumbani, yachemshe.

Mwisho ni kibao cha "kilimo hai", ambacho wengi hukisoma kama "hakuna dawa". Kilimo hai hukataza karibu viuatilifu vyote vya kutengenezwa viwandani, lakini huruhusu baadhi ya vile vya asili, kama pareto, na hata vyenye shaba. Mboga hizo nazo huoshwa.