Taa ya eabegi haipimi baruti

Wiki iliyopita mteja aliniletea Honda Fit ya 2007 hapa gereji, Eneo la Viwanda, Nairobi. Nilipomwambia namba yake ya chesisi imo kwenye orodha ya magari yanayotakiwa kubadilishiwa eabegi (mifuko ya hewa inayofumuka ajalini) zilizotengenezwa na kampuni ya Takata, aliwasha swichi na kunyoosha kidole kwenye dashibodi. "Fundi, si unaona? Taa imewaka, imezima. Iko sawa." Ni wa ngapi mwaka huu, nimeacha kuhesabu.

Basi tuanze na hiyo taa, maana ndiyo inayonichosha kuliko yote. Ukiwasha swichi, kompyuta ya eabegi hupitisha umeme kidogo mno hadi kwenye kiwashio, kile kinacholipua baruti ya kujaza mfuko, na kupima ukinzani wake, kama omu 2 hivi. Ikiridhika, inazima taa. Imepima waya, basi. Vidonge vya baruti vilivyofungiwa ndani ya kopo la chuma haivioni wala haina njia ya kujua kama ni vizima au vimeharibika.

Na ugonjwa wa Takata hauko kwenye waya. Kampuni hiyo ilitumia amonia nitrati kuzalisha gesi ya kujaza mfuko. Aliyelima mahindi anaijua mbolea ya CAN, ambayo ina amonia nitrati ndani yake: acha gunia wazi stoo msimu mmoja wa mvua uone. Inavuta unyevu, inakauka, inashikana mabonge. Ndani ya kopo la eabegi, miaka ya joto na unyevu hufanya vidonge vivimbe na kusinyaa hadi viharibike. Kidonge kilichoharibika huungua upesi kuliko kilivyopangiwa, presha inapita kiasi, na kopo lenyewe linapasuka. Vipande vya chuma hutoboa mfuko vikaenda shingoni na usoni. Huko Orlando, Marekani, mwaka 2014, majeraha ya dereva mmoja aliyekufa yaliwafanya wapelelezi wadhani amechomwa kisu.

Kwenye rafu yangu kuna kopo moja la eabegi iliyokwisha kufyatuka vizuri. Ni chuma duara, inaenea kiganjani, na pembeni ina vitundu ambavyo gesi hutokea. Humpa mteja alishike. Wengi hunyamaza kidogo, kisha huuliza, "Kitu kizito hivi kiko mbele ya kifua changu?" Kiko hapo, katikati ya stelingi, na taa yako imezima.

Wengine husema Nairobi kuna baridi, hayo ni mambo ya Mombasa. Nusu ya hilo ni kweli: joto lenye unyevu ndilo huharibu upesi zaidi. Lakini gari lako halikuzaliwa Nairobi. Lilikaa Japani miaka saba, pamoja na viangazi vyake vya jasho, kisha likashuka bandarini Mombasa, na tangu hapo linaanikwa juani mchana kutwa ukiwa ofisini. Umri nao unahesabiwa.

"Nimeangalia mtandaoni, halina shida." Uliangalia wapi? Tovuti ya Marekani hutaka namba ya herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezewa soko la Japani lina namba fupi, mfano inayoanza na NZE141 halafu tarakimu kadhaa. Ulichojibiwa ni kwamba namba haitambuliki, wewe ukasoma kwamba gari ni zima. Chukua namba iliyo kwenye logibuku, uiangalie kwenye tovuti ya Japani ya mtengenezaji wa gari lako, au umpelekee wakala wake rasmi hapa mjini.

Lilikaguliwa kabla ya kusafirishwa? Ukaguzi ule unatazama breki, taa, magurudumu, chesisi. Hakuna anayefungua kopo la eabegi. Japani yenyewe ilianza kuyanyima magari ya aina hii cheti cha ukaguzi mnamo Mei 2018 kama hayajarekebishwa, na mengi yaliyoko barabarani kwetu yaliingia kabla ya hapo. Hata lililorekebishwa, uliza ni lini: mengine ya mwanzo yaliwekewa kopo jipya la Takata la aina ileile, na yakahitaji kubadilishwa tena.

Kuendesha polepole hakusaidii. Baadhi ya waliokufa walipata ajali ndogo ambazo wangetoka wakipiga simu.

Eabegi ya mtumba kutoka Grogan, kule kwenye vipuri vilivyotumika? Imetoka kwenye gari la umri uleule. Na anayeniomba nitoe eabegi niweke resista, kidude cha umeme cha kuidanganya kompyuta, ili taa izime, jibu langu ni hapana, hata akiongeza pesa.

Kampuni ya Takata ilifilisika mwaka 2017, ndiyo, lakini wito wa kurudisha magari ni wa watengenezaji wa magari wenyewe, na kazi hiyo hufanywa kwa gharama yao. Kwa gari lililoletwa na yadi, muulize wakala waziwazi kabla ya kwenda: kopo lipo au litaagizwa, na kuna malipo yoyote? Ukiwa unangoja, funga mkanda na uvute kiti nyuma hadi kifua kiwe sentimita 25 au zaidi kutoka kwenye stelingi. Ikiwa eabegi ya upande wa abiria ndiyo iliyo kwenye orodha, hata mama mkwe akae nyuma.

Mteja wa Fit alipiga picha namba ya chesisi, akampigia wakala simu palepale. Nikamwambia pia atoe kile kifuniko cha manyoya alichovalisha stelingi. Alikataa. Ni zawadi ya mkewe.