Kempa ya mgongoni au trela la fifwili? Anza na pikapu yako

Kazi yangu ni kufunga hitchi, yaani kifaa cha kuunganishia trela na gari, kupima uzito na kuwapangia watu mzigo kwenye magari yao ya safari, na swali hili ndilo linalokuja mara nyingi kuliko yote. Mtu anafika na picha kwenye simu, jiko zuri, kitanda kikubwa, bafu lina mlango wa kioo, anauliza nichukue ipi. Mimi namwomba kitu kimoja kwanza, fungua mlango wa dereva tusome kile kibandiko kwenye nguzo. Wengi wanashangaa kidogo, walitegemea tuanze na vitanda.

Kwa wale wageni kwenye haya mambo, kempa ya mgongoni ni kile kijumba kinachokaa ndani ya bodi ya pikapu, kitanda kimetokeza mbele juu ya kebini, ukishakifunga gari zima linakuwa kitu kimoja. Fifwili ni trela refu lenye ekseli zake, mbele lina shingo inayopanda juu ya bodi na chini ya shingo kuna kingpini, pini nene ya chuma inayoingia kwenye hitchi iliyofungwa ndani ya bodi, ni mfumo uleule wa semi zinazovuta makontena ila umepunguzwa.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanadhani kempa inabebwa na fifwili inavutwa, kwa hiyo kwenye kempa wanaangalia uwezo wa kubeba na kwenye fifwili wanaangalia uwezo wa kuvuta, basi. Kiukweli zote mbili zinakaa kwenye ekseli ileile ya nyuma. Fifwili haivutwi tu, inaegemea. Kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wa trela lililopakiwa inashuka kwenye pini, mimi nikipiga hesabu ya haraka natumia 20. Na uzito huo unahesabiwa kwenye mzigo wa pikapu sawasawa na mifuko ya simenti.

Chukua mfano. Pikapu nyepesi ambayo tangazo lake linasema inavuta kilo 5,000, mwenye gari anaona trela la kilo 4,500 na anajua bado ana nafasi. Asilimia 20 ya 4,500 ni 900. Kibandiko cha mlangoni kinasema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi kilo 750. Yaani umeshavuka kabla hujapanda wewe, mke, watoto, mbwa, na hitchi yenyewe ambayo nayo ni chuma kizito, nyingine zinafika kilo 80 na zaidi. Namba ya kuvuta haikudanganya, ila imezungumzia kitu kingine kabisa. Kwenye magari ya Marekani na Kanada kibandiko hicho kinaandikwa kwa kilo na kwa paundi, na ni cha gari lako lile lile na vifaa lilivyotoka navyo kiwandani, sio cha modeli nzima, ndiyo maana pikapu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana sana, moja ina paa la kioo, viti vya umeme na rimu kubwa, vyote hivyo vimeshakula sehemu ya mzigo wako. Na dereva naye anahesabiwa humo, usijisahau.

Kempa nayo ina mtego wake, uzito mkavu. Brosha inasema kilo 1,200. Uzito mkavu manake hakuna maji, mara nyingi hata vifaa vya ziada ulivyoagiza havimo. Jaza tangi la lita 150, hiyo ni kilo 150 maana lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna mjadala. Ongeza mitungi ya gesi, betri, kiyoyozi, turubai la pembeni, jenereta kama unayo, halafu vyombo, nguo, chakula, vitabu vya watoto, zana, na unafika 1,600 bila kuhisi umebeba kitu. Kwa hiyo kempa yenye slaidi, ule upande unaosukumwa nje kuongeza nafasi, na bafu kamili inahitaji pikapu nzito ya daraja la juu, na mara nyingi ile yenye matairi manne nyuma. Watu hawapendi kusikia hili kwa sababu kempa inaonekana ndogo, lakini kwa pikapu yenyewe kempa kubwa inaweza kuwa mzigo mzito kuliko pini ya fifwili ya saizi ya kati.

Na tafadhali, begi za hewa kwenye springi hazikupi ruhusa ya kubeba zaidi. Zinainua mkia, zinafanya gari likae sawa, nazifunga kila mara na nazipenda, lakini ekseli ni ileile, rimu ni zilezile, tairi na breki ni zilezile. Kiwango cha gari hakibadiliki kwa sababu gari sasa limesimama vizuri kwa macho.

Kuna jambo la kempa ambalo naona linasemwa kidogo mno kuliko umuhimu wake, nalo ni kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa kempa unapolingana. Watengenezaji huweka alama ubavuni mwa kempa kuonyesha kilipo. Alama hiyo lazima ikae mbele ya ekseli ya nyuma ya pikapu, hata kidogo tu. Ikirudi nyuma ya ekseli, kempa inakuwa inainua pua ya gari, matairi ya mbele yanapoteza mzigo, usukani unakuwa mwepesi kwa namna mbaya na breki za mbele ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa hazina cha kushika. Hii ndiyo sababu kempa ya bodi ndefu ukiilazimisha kwenye bodi fupi inakuletea shida hata kama kilo zinatosha. Unaweza kuwa ndani ya uzito na bado ukawa hatarini. Halafu kempa iko juu, nyingi zinapita mita 3 kutoka ardhini, kwenye upepo wa ubavuni na kona za haraka utaihisi inalala, na hapo ndipo baa nene ya kuzuia kuyumba inapolipa gharama yake. Kufunga ni kwenye chesisi, kwa vikazio vyenye springi vinavyoruhusu kempa na gari vicheze kidogo bila kung'oana, sio kwa kamba wala kwenye bati la bodi.

Fifwili barabarani ni tulivu kuliko trela la kawaida linalofungwa kwenye bampa, na sababu ni rahisi, pini inakaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, kwa hiyo trela halina mkono mrefu wa kuutingisha mkia wa gari. Lakini lipakie vibaya na utulivu huo unaondoka. Tangi la maji likiwa nyuma ya ekseli za trela na ukalijaza, pini inapungua uzito. Ukijaza zana na jenereta kwenye stoo ya mbele chini ya chumba cha kulala, pini inapanda. Nimeona trela moja lenye uzito uleule likiwa na pini tofauti kabisa kwa kuhamisha vitu tu. Pia angalia likae usawa, pikapu za siku hizi ni ndefu kwenda juu, pua ya trela inainuka na ekseli yake ya nyuma inabeba kuliko ya mbele, tairi za ekseli hiyo zinaisha mapema mtu analaumu barabara. Ukilishusha sana nalo linakaribia kugonga kuta za bodi, mimi sikubali nafasi chini ya sentimita 15 hapo.

Kwenye kona fifwili inakata ndani, lazima uingie mbali zaidi kuliko moyo unavyotaka. Na kama bodi yako ni fupi, pembe za mbele za trela zinaweza kuvunja kioo cha nyuma cha kebini ukikunja sana, hasa unapopiga rivasi. Kuna hitchi za kuteleza zinazorudisha pini nyuma wakati wa kukunja, na kuna trela zenye pua iliyochongwa, lakini pima gari lako na trela lako, usichukue neno la muuzaji.

Haya, uzito umekubali zote mbili. Hapo ndipo sasa nauliza, unakaa sehemu moja muda gani? Hili ndilo linaloamua, kuliko bajeti hata.

Mtu anayehama kila siku mbili tatu, anayependa barabara za vumbi, anayelala alipofika, kempa ndiyo yake na sitamshauri kingine. Unaegesha popote pikapu inapoegesha, karibu, unageuza njia ikiisha ghafla, hakuna kufungua wala kufunga, mvua ikinyesha usiku unarudi kwenye usukani unaondoka. Nyuma unaweza kuvuta boti au trela dogo, ila kempa ikitokeza sana nyuma utahitaji kirefusho cha hitchi na hicho kinapunguza uwezo wa kuvuta. Feri nyingi zinatoza kwa urefu, hapo pia unapona. Ila usidhani kempa inapita kila mahali, ile barabara maarufu ya Going-to-the-Sun kwenye hifadhi ya Glacier kule Montana inakataza gari lenye urefu wa zaidi ya futi 21 kwenye sehemu yake ya milimani, na pikapu ya milango minne yenye bodi ndefu inaweza kuzidi hapo hata bila kempa.

Mtu anayekaa wiki, mwezi, msimu mzima, fifwili haina mpinzani. Unasimama wima, una sebule, una stoo, matangi makubwa, na jambo ambalo watu wanaligundua baadaye, unaachilia trela na unabaki na pikapu ya kwenda sokoni na hospitali. Wauzaji wa kempa watakwambia kempa nayo unaishusha kwa jeki zake nne. Ni kweli, inashuka. Lakini unahitaji ardhi tambarare, subira, na kurudisha gari chini yake kwa usahihi wa sentimita, na wengi ninaowafahamu wanaishusha mwisho wa safari tu, kwa hiyo kama mpango wako mzima unategemea kuishusha kila kituo, mpango huo utakuchosha.

Magoti pia yaseme. Kempa ina ngazi ya juu mlangoni na kitanda cha kupanda kwa kutambaa, usiku, mmoja akishuka kwenda chooni anamruka mwenzake. Kwa vijana wawili sio kitu, kwa wazee au mtu mwenye mgongo mbovu ni kila usiku. Fifwili ina ngazi pia, ila unatembea wima na kitanda unakizunguka.

Matengenezo nitasema kwa kifupi, kempa haina ekseli, bearingi wala breki zake, fifwili inavyo vyote, na tairi za trela zinazeeka kwa miaka hata kama kashata bado nzuri, zikifika miaka mitano au sita badilisha. Paa la zote mbili linahitaji kukaguliwa viungo mara kwa mara, maji yakiingia kwenye mbao ni ghali.

Kama bado hujanunua pikapu una bahati kuliko wote. Chagua nyumba kwanza, pata uzito wake ikiwa imejaa, ongeza watu na vitu vyenu, halafu tafuta gari lenye kibandiko kinachozidi namba hiyo kwa nafasi ya kutosha. Wenye gari tayari, nendeni mizani ya malori kabla ya kulipa hata amana. Pima pikapu ikiwa na familia nzima na mafuta tele, andika ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake. Ukishapata trela rudi nalo pale limepakiwa, pima tena hizo ekseli mbili na zile za trela, kile kilichoongezeka kwenye ekseli za pikapu ndio uzito wa pini pamoja na hitchi, sio ule wa brosha. Kwa kempa ni vilevile, na hapo angalia ekseli ya mbele kwa makini, ikiwa imepungua baada ya kupakia, kitovu kiko nyuma na hiyo kempa sio ya gari hilo.