Fortran ya zamani kwenye Linux mpya: majibu ndiyo yanayosumbua

Mhandisi akikuletea programu ya Fortran 77 ya kukokotoa mabomba na pampu, iliyozoea Windows ya biti 32, usiguse msimbo kwanza. Iendeshe kwenye kompyuta yake ya zamani na uhifadhi data na matokeo ya kazi kadhaa zilizokwisha kubalika. Hayo ndiyo utakayolinganishia.

Hakikisha pia kwamba msimbo ulio nao ndio uliozaa programu inayotumika. Hapa Nairobi kuna kipimo chepesi: presha ya hewa iliyoandikwa kwenye msimbo wa pampu. Usawa wa bahari ni mita 10.33 za maji. Kwetu, karibu mita 1,700 juu, ni kama 8.4. Msimbo ukisema 10.33 na matokeo ya zamani yakifuata 8.4, kuna mtu alirekebisha akaondoka na nakala yake.

Kwenye gfortran, kompaila ya Fortran ya mradi wa GCC, anza na bendera (maagizo kwa kompaila) -std=legacy -O0 -g. Tangu GCC 10, kuita subrutini kwa aina za data zisizolingana ni kosa; -std=legacy hulishusha kuwa onyo. Lisome, usilipuuze.

Kompaila ikishaikubali programu, kazi ndiyo inaanza. Kompaila nyingi za zamani ziliweka vigeu vya ndani mahali pa kudumu, kwa hiyo subrutini ya msuguano ilikumbuka mtiririko wa hatua iliyopita hata bila SAVE, agizo la Fortran la kutunza thamani ya kigeu kati ya miito. Sasa kigeu hicho huenda kikakaa kwenye steki, kumbukumbu ya muda ya subrutini, na unachokuta humo ni takataka. -fno-automatic hurudisha tabia ya zamani, lakini mimi huitumia mwisho. Kwanza weka -finit-real=snan -ffpe-trap=invalid: vigeu visivyopewa thamani hujazwa namba batili, na programu ikikitumia kimoja itaanguka kwa SIGFPE (ishara ya kosa la hesabu) na kukuonyesha mstari wenyewe. Andika SAVE kwa kigeu hicho kwenye subrutini hiyo.

Faili za baiti zisizosomeka zifungue kwa xxd, amri inayoonyesha baiti kwa heksadesimali. gfortran hutarajia baiti 4 za urefu mwanzoni na mwishoni mwa kila rekodi. Baiti ya kwanza ikiwa 4b, huenda ni muundo wa Microsoft Fortran, andika kigeuzi kidogo. Faili za rekodi za moja kwa moja nazo zina mtego: RECL (urefu wa rekodi) ya gfortran huhesabiwa kwa baiti, ya kompaila ya Intel kwa kawaida kwa maneno ya baiti 4.

Tofauti kwenye tarakimu ya sita isikutishe: x87, kitengo cha hesabu cha prosesa za zamani, ilikokotoa kwa biti 80; SSE2, inayotumika sasa, haifanyi hivyo. Lakini kwenye matokeo pampu ikiwaka hatua moja mapema, tafuta IF inayolinganisha namba za desimali kwa .EQ. ("sawa kabisa na"). Jaribu -mfpmath=387, inayorudisha hesabu za x87; tofauti ikitoweka, umempata mchawi. Rekebisha IF hiyo, kisha uiondoe bendera.