Wazee Hutengwa na Sera Zisizowataja

Kila ninapoombwa kupitia sera ya wazee ya nchi au ya jiji fulani, nyaraka ninazoanza kuziomba si sera yenyewe. Naomba kanuni za usajili wa vitambulisho, mpango wa usafiri wa umma, masharti ya kufungua akaunti ya benki, na maelekezo ya namna wananchi wanavyopata huduma za serikali kwa njia ya mtandao. Katika miaka yangu ya kazi kwenye nyanja ya hifadhi ya jamii nimeona kwamba sera ya wazee karibu kila mara huandikwa kwa nia njema, na maneno kama utu, heshima na ushiriki hayakosekani humo. Ilhali mzee mwenyewe hukwama mahali pengine kabisa, kwenye kanuni ambayo aliyeiandika hakumfikiria mzee hata mara moja. Ninaamini kwamba kutengwa kwa wazee, kwa sehemu kubwa, huzalishwa na sera za kawaida zisizowataja, na kwamba hatua za kuwajumuisha hazina budi kuelekezwa huko huko.

Wazo hili si geni. Baada ya mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu uzee uliofanyika Vienna mwaka 1982, na baada ya Umoja wa Mataifa kupitisha mwaka 1991 kanuni 18 zinazogusa uhuru, ushiriki, matunzo, kujiendeleza na utu wa wazee, mpango uliopitishwa Madrid mwaka 2002 ulizitaka serikali kuingiza suala la uzee katika sekta zote za maendeleo. Mara nyingi kilichofuata kilikuwa kinyume cha dhamira hiyo: iliundwa idara ndogo ndani ya wizara inayoshughulikia ustawi wa jamii, ikapewa bajeti finyu, na wizara za uchukuzi, fedha, ardhi na mawasiliano zikaona kwamba suala hilo limeshapata mwenyewe. Hali hiyo inanisikitisha hasa nikizingatia ukubwa wa mabadiliko yaliyo mbele yetu. Watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa bilioni 1 duniani mwaka 2020, na inakadiriwa kwamba watafika bilioni 1.4 mwaka 2030 na bilioni 2.1 mwaka 2050, wengi wao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Nianze na kipato, kwa kuwa ni vigumu kuzungumzia ushiriki wa mtu asiyeweza kulipa nauli, kuchangia msiba wa jirani au kumnunulia mjukuu daftari. Mjadala mkubwa hapa ni kama pensheni isiyotokana na michango ilipwe kwa kila mzee aliyefikisha umri uliowekwa, au kwa wale tu watakaothibitishwa kuwa maskini. Hoja ya kuwachuja walengwa huonekana ya busara, maana fedha za umma hazitoshi. Lakini katika jamii ambamo watu wengi hawana mishahara rasmi, kipato cha kaya hupanda na kushuka kwa msimu, na umaskini hupimwa kwa kuangalia aina ya paa au idadi ya mifugo, uchujaji huwaacha nje maskini wengi ambao walipaswa kuingia. Zaidi ya hayo, humlazimu mzee asimame mbele ya majirani zake kuthibitisha kwamba hana kitu, na kwa watu wengi waliojitegemea maisha yao yote hiyo ni fedheha wasiyoweza kuikubali. Ndiyo maana nauthamini uamuzi wa Zanzibar, ambayo mwaka 2016 ilianza kulipa pensheni jamii kwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi aliyetimiza sharti la ukaazi, bila kumpima umaskini wake. Kiasi kinaweza kuwa kidogo na umri unaweza kuwa mkubwa, lakini haki ikishakuwa ya wote hakuna tena wa kuiombea.

Fedha hizo, zinapofika, hubadilisha pia nafasi ya mzee ndani ya kaya. Mchumi Esther Duflo, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2003 kuhusu pensheni ya wazee nchini Afrika Kusini, alionyesha kwamba pensheni iliyopokelewa na bibi iliendana na afya bora ya wajukuu wa kike waliokuwa wakiishi naye, ilhali pensheni iliyopokelewa na babu haikuonyesha matokeo hayo. Mzee mwenye pensheni huwa na sauti katika mambo ya nyumbani, nayo sauti ndiyo sehemu ya ujumuishwaji ambayo ripoti za miradi hazina safu ya kuiandikia.

Sasa twende kwenye mlango ambao pensheni hiyo hupitia, kwa kuwa hapa ndipo nilipoona uzembe mwingi zaidi. Ili alipwe, mzee anahitaji uthibitisho wa umri, na wengi walizaliwa wakati ambapo vizazi havikusajiliwa. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho ni makadirio ya karani, na mwaka mmoja wa makadirio huweza kumnyima mtu haki yake kwa mwaka mzima. Kisha anatakiwa kuweka alama za vidole, nazo hufifia kwa umri na kwa kazi za mikono, hivyo mashine humkataa hasa yule aliyelima, aliyefua au aliyejenga maisha yake yote. Kisha anaambiwa awe na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, apokee ujumbe mfupi, aweke namba ya siri. Anayeshindwa humkabidhi simu kijana wa nyumbani, na tangu hapo ulinzi wa fedha zake unategemea uaminifu wa mtu mmoja. Siupingi mfumo wa kidijitali, kwa kuwa umepunguza safari na foleni ndefu kwa wengi. Ninachodai ni kwamba kila huduma ya umma inayohamishiwa mtandaoni ibaki na njia ya pili yenye hadhi sawa: dirisha lenye mtu, namba ya simu inayopokelewa na binadamu, utaratibu wa mwakilishi aliyeandikishwa rasmi ambaye mzee anaweza kumbadilisha wakati wowote, na kanuni inayosema wazi afisa afanye nini pale alama za vidole zinapokataa. Njia hiyo ya pili ikiondolewa ili kubana matumizi, gharama haipotei bali huhamia kwa mzee na kwa binti anayepoteza siku ya kazi kumsindikiza.

Barabara na vyombo vya usafiri vina hadithi inayofanana. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee, baada ya kuwasikiliza wazee katika miji 33 ya nchi 22, na mengi waliyoyasema yalikuwa mambo madogo: viti vya kupumzikia njiani, vyoo safi vya umma, dereva anayesubiri abiria aketi kabla ya kuondoa basi. Katika nchi nyingi taa za kuvukia barabara hupangwa kwa kudhani kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde, kasi ambayo wazee wengi hawaifikii. Mnamo 2009 Singapore ilianza kuweka kwenye baadhi ya vivuko kifaa kinachomwezesha mzee kugusisha kadi yake na kuongezewa sekunde kadhaa za kuvuka. Hatua ya namna hii naipenda kwa sababu haimwombi mzee ajitangaze kuwa dhaifu, haihitaji mtumishi wa kumhurumia, na inafanya kazi hata siku ambayo hakuna kiongozi aliyekuja kuzindua chochote. Mtu asiyeweza kuvuka barabara iliyo mbele ya nyumba yake hatakwenda msikitini, kanisani, sokoni wala kwenye mkutano wa mtaa, hata kama sera imemhakikishia ushiriki katika nyanja zote za maisha.

Kuhusu upweke, serikali zimeanza kuchukua hatua zinazoonekana. Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke Januari 2018, Japani ikafanya hivyo Februari 2021 na baadaye ikatunga sheria iliyoanza kutumika Aprili 2024. Nazipongeza hatua hizo, ila nina wasiwasi na programu nyingi zinazozaliwa chini yake, ambazo huishia kumpelekea mzee mgeni wa kumtembelea mara moja kwa wiki. Ziara hizo ni jambo jema kwa mtu asiyeweza kutoka kitandani. Kwa wengine wengi kinachokosekana ni nafasi ya kuhitajiwa, si mtu wa kuja kuwatazama. Mfano ninaoutaja daima ni mpango wa madawati ya urafiki wa Zimbabwe, ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda mwaka 2006, ambao huwafunza akina bibi mbinu za kuwasikiliza na kuwasaidia watu wenye msongo na sonona, wakiwa wameketi nao kwenye benchi katika eneo la kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa nao walipata nafuu kubwa zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Akina bibi hao waliingizwa kwenye mfumo wa afya kama watendaji, kwa sababu umri wao na imani waliyojengewa na jirani zao ni nyenzo ambayo chuo hakiwezi kuitoa.

Ajira nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa misingi yake inajulikana: sheria za kuzuia ubaguzi wa umri zipo, ile ya Marekani tangu 1967 na mwongozo wa Umoja wa Ulaya tangu 2000, na udhaifu wake ni kwamba mzigo wa kufungua madai na kuonyesha dalili za ubaguzi humwangukia mtu ambaye mara nyingi hana wakili wala muda wa kusubiri hukumu. Suala la wajane lastahili makala yake, ingawa siwezi kulipita bila kusema kwamba pale ambapo mwanamke hurithi haki ya kukaa kwenye ardhi bila kurithi ardhi yenyewe, hakuna kituo cha mchana cha wazee kitakachofidia kuondolewa kwake nyumbani baada ya mazishi ya mumewe.

Lipo pia suala la kuhesabiwa. Kwa miongo mingi, tafiti za kaya zinazotegemewa sana katika kupanga huduma za afya zimewahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49, kwa sababu zilibuniwa kupima uzazi. Mwanamke wa miaka 65 huorodheshwa kama mkazi wa kaya, lakini haulizwi kuhusu afya yake wala ukatili anaofanyiwa. Takwimu zinazotoka hapo huingia kwenye bajeti, na asiyeulizwa hapangiwi. Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliunda mwaka 2018 kikundi cha kuandaa viwango vya takwimu za uzee, na ningependa kila ofisi ya takwimu iache kuwaweka watu wote wa miaka 60 na kuendelea katika kundi moja, kwa kuwa mahitaji ya mtu wa miaka 62 anayeendesha duka hayafanani na ya mtu wa miaka 88 mwenye ugonjwa wa kusahau.

Kwenye maamuzi, Denmark imeonyesha njia ambayo si ya ghali. Tangu 1997 sheria inalazimu kila manispaa kuwa na baraza la wazee linalochaguliwa na wakazi wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na manispaa hutakiwa kulisikiliza kabla ya kuamua mambo yanayowagusa. Baraza halina kura ya turufu, lakini muda wa kulisikiliza umo ndani ya ratiba ya uamuzi, hivyo wazee huiona rasimu ingali rasimu. Katika sheria za kimataifa nako kuna mwendo: itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Januari 2016, ilianza kutumika Novemba 2024, na Aprili 2025 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliamua kuunda kikundi kazi cha serikali mbalimbali cha kuandaa mkataba wa dunia wenye nguvu ya kisheria.

Wakati mkataba huo ukiandaliwa, wizara haihitaji kusubiri chochote ili kuijaribu huduma mpya kabla ya kuizindua. Iwape fomu, kadi, programu ya simu au ratiba ya basi wazee wa hali tofauti, wakiwemo wasiosoma, wasioona vizuri na wanaoishi peke yao. Iwalipe kwa muda wao. Na iandike kila hatua waliyokwama pamoja na jina la afisa atakayeirekebisha. Kifungu cha fedha za jaribio hilo kiwekwe kwenye bajeti ya wizara inayotoa huduma husika, si kwenye ile ya ustawi wa jamii.