Urusi haijatawala mieleka ya wanawake

Wengi hudhani kwamba Urusi, kwa vile wanaume wake hutamba kwenye mieleka, basi na wanawake wake wamejaa dhahabu za Olimpiki. (Nazungumzia mieleka ya mitindo huru, si ile ya maonyesho ya televisheni.) Sivyo. Tangu wanawake waruhusiwe kushindana Athens mwaka 2004, Mrusi mmoja tu ndiye aliyetwaa dhahabu: Natalia Vorobieva, mzaliwa wa Tulun, Siberia.

Wababe wa mchezo huu ni Wajapani. London 2012 kulikuwa na dhahabu nne tu kwa wanawake, na Japani ikabeba tatu. Ya nne, uzani wa kilo 72, ilitarajiwa kwenda kwa Stanka Zlateva wa Bulgaria, bingwa wa dunia mara tano. Vorobieva, akiwa na miaka 21, alimlaza chali na kumbana mabega kwenye mkeka. Pambano likaishia hapo hapo, maana mabega yakigusa chini, alama hazihesabiwi tena.

Wapo pia wanaosema alibahatisha. Mtu wa kubahatisha hawi bingwa wa dunia mwaka 2015, kisha tena 2019. Hata Rio 2016 alifika fainali, kilo 69, akatoka sare ya alama 2-2 na Sara Dosho wa Japani. Mieleka haikubali sare. Kanuni za kuamua mshindi zikampa Dosho dhahabu, Vorobieva akabaki na fedha.