Utepe wa mawimbi: kuitambua beji ya mwanamaji wa akiba wa Uingereza na kukisia umri wake

Mwanamaji wa akiba ni mtu mwenye kazi yake nyingine, ila jina lake limo katika daftari la jeshi la majini, siku yoyote anaweza kuitwa. Uingereza ilikuwa na makundi mawili makubwa ya watu hao, na anayeyachanganya hataisoma beji hata moja sawasawa. La kwanza ni Royal Naval Reserve, yaani RNR, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1859. Hawa walikuwa mabaharia hasa: manahodha, maofisa na wahandisi wa meli za biashara, na baadaye wavuvi. La pili ni Royal Naval Volunteer Reserve, RNVR, la mwaka 1903. Hili lilichukua raia ambao riziki yao haikutoka baharini, kama makarani, walimu, mawakili na wenye mashua za starehe.

Jeshi lenyewe lilitaka tofauti hiyo ionekane kwa macho, tena kutoka mbali. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na kofia au vifungo, tazama utepe wa dhahabu kwenye mkono wa koti, au kwenye mabega kama sare ni nyeupe ya nchi za joto. Ofisa wa jeshi la kudumu alivaa utepe ulionyooka, na ule wa juu ukapinda kufanya kitanzi cha duara. Ofisa wa RNR alivaa nyuzi mbili nyembamba zilizopinda na kupishana, moja juu moja chini, mfano wa ukili unaposukwa, na kitanzi chake kilifanana na nyota. Ofisa wa RNVR alivaa utepe mmoja mmoja uliopinda kama wimbi, bila kupishana na mwingine. Waingereza wakawaita watu hao kwa utani jeshi la mawimbi, na jina hilo likadumu vita vyote viwili. Vijana waliokuwa bado wanafunzwa uofisa hawakuwa na utepe. Walivaa kipande cha kitambaa kwenye ukosi: cheupe kwa jeshi la kudumu, cha buluu kwa RNR, cha rangi ya damu ya mzee kwa RNVR.

Hapa kuna mtego mmoja ninaouona mara nyingi. Kampuni za meli za biashara nazo ziliwavisha maofisa wao tepe za dhahabu. Nahodha Edward Smith wa Titanic alikuwa na cheo cha kamanda katika RNR, lakini picha zake zinazojulikana zinamwonyesha katika sare ya kampuni yake, na tepe za mkononi ni za kampuni. Panapotamka akiba ni kifuani, kwenye nishani ya RD, waliyopewa maofisa wa RNR kwa utumishi wa miaka mingi. Nishani hiyo yenyewe ni kalenda ndogo, kwa sababu katikati yake pana herufi za jina la mfalme au malkia aliyekuwa akitawala. Utepe wake ulikuwa wa kijani kitupu, na mwaka 1941 ukaongezwa kingo nyeupe.

Ukishajua ni kundi gani, sasa uliza ni lini. Beji ya kofia ya ofisa ina nanga iliyozongwa na kamba, majani ya dhahabu pembeni na taji juu. Taji ndilo linalosema. Kuanzia 1901, alipofariki Malkia Victoria, hadi 1952, linalotumika ni taji ambalo matao yake yamebinuka juu kama kuba la msikiti. Watu huliita taji la mfalme. Baada ya Elizabeth wa Pili kurithi mwaka 1952 likaja taji ambalo matao yake yanabonyea katikati, kama mgongo wa ngamia wa nundu mbili. Charles wa Tatu amerudisha kuba tangu 2022, kwa hiyo beji mpya kabisa inaweza kumdanganya asiyetazama hali ya chuma na uzi.

Lakini taji halikupi mwaka. Linakupa mpaka tu: beji haiwezi kuwa imetengenezwa kabla ya hapa. Upande wa pili wa mpaka ni dhaifu zaidi, kwa sababu ofisa aliyenunua kofia 1950 hakuitupa siku mfalme alipofariki. Kinachofaa ni kukutanisha alama mbili au tatu mpaka mipaka ibane. Mwaka 1951 mawimbi na ukili viliondolewa, na maofisa wa akiba wa makundi yote mawili wakapewa utepe ulionyooka wenye herufi R ndani ya kitanzi. Sasa ukikuta koti lenye R hiyo, na kofia ya mtu huyohuyo ina taji la kuba, umebanwa kati ya 1951 na miaka michache tu baadaye. Alama mbili ambazo kila moja peke yake ni pana, zikikutana zinakupa dirisha jembamba kuliko yote niyajuayo katika sare hizi. Mwaka 1958 RNR na RNVR ziliunganishwa chini ya jina la RNR.

Rangi nazo husaidia. Kati ya tepe za maofisa wasio wa sitahani palishonwa kitambaa: chekundu kwa daktari, cheupe kwa mhasibu, zambarau kwa mhandisi. Wahandisi walipewa kitanzi 1915, madaktari na wahasibu 1918. Kwa hiyo tepe zenye kitambaa chekundu bila kitanzi ni za kabla ya mwisho wa Vita vya Kwanza. Kwa mabaharia wa kawaida tazama utepe mweusi unaozunguka kofia. Ukiandikwa H.M.S. peke yake bila jina la meli, ni wa Vita vya Pili, majina yalipofichwa ili adui asijue meli gani iko bandari gani. Na wavuvi waliosafisha mabomu ya majini katika vita hivyo walipata beji ndogo ya fedha ya kuvaliwa mkononi: papa aliyechomwa, nyuma yake wavu ulionasa mabomu. Sijui beji nyingine inayoeleza kazi ya mwenyewe waziwazi namna ile.

Kwetu pwani jambo hili si la mbali. Mombasa ilikuwa na kikosi chake, Kenya Royal Naval Volunteer Reserve, kilichoanza miaka ya 1930 na kurithiwa na East African Naval Force mwaka 1950. Mwaka 1942 kundi la meli za Uingereza za Bahari ya Hindi lilihamia Kilindini, na maofisa wengi wa RNVR wakapita pale. Basi tuseme umekuta kwenye sanduku la mzee picha ya ofisa mwenye sare nyeupe, nyuma yake gati la Kilindini. Mabegani utepe ni wa wimbi: ni wa RNVR au wa kikosi cha Kenya, na ni kabla ya 1951. Taji la kofia ni la kuba, ambalo halikuongezi kitu. Baharia aliyesimama kando yake ana kofia yenye H.M.S. tupu. Hapo unaweza kuandika nyuma ya picha, kwa penseli: 1939 hadi 1945.