Zebaki machimboni: maziwa hayaondoi sumu

Zebaki ni nini, na humdhuru vipi mchimbaji?
Ni metali iliyo majimaji katika joto la kawaida. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Chunya na kwingineko huichanganya ndani ya karai na mchanga uliosagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, ili inase chembe za dhahabu, kisha huchoma donge linalopatikana ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Kuishika kwa mikono mitupu ni kosa, lakini hatari kubwa kuliko zote ni mvuke unaotoka wakati wa kuchoma, kwa sababu hauna rangi wala harufu, na takribani asilimia 80 ya ule unaovutwa huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo na figo.

Je, kunywa maziwa kabla au baada ya kuchoma husafisha sumu?
Hapana. Maziwa huenda tumboni, mvuke huenda mapafuni, na mapafuni maziwa hayafiki. Tunasikia jambo hili karibu kwa kila mchimbaji anayefika kwetu zahanati, na aghalabu aliyeanza kwa maziwa ndiye anayechelewa kuja. Maziwa ni chakula kizuri. Si dawa ya zebaki, si kinga ya zebaki, wala nusu lita wala lita tano.

Nimechoma leo, usiku nina homa na kikohozi. Je, ni malaria?
Huenda ikawa malaria, lakini mvuke mwingi wa zebaki pia huleta homa, baridi, kikohozi na kubanwa kifua ndani ya saa chache. Tafadhali usinunue dawa ya malaria dukani, ukanywa maziwa na kulala ukisubiri kupona, kwani wanaofanya hivyo ndio wanaoletwa siku ya pili au ya tatu wakihema kwa shida. Nenda kituo cha afya usiku huohuo, na neno la kwanza unalomwambia mganga liwe kwamba ulichoma dhahabu. Wote waliokuwa karibu nawe waende pia, hata asiyekohoa.

Mbona wengine wamechoma miaka mingi na bado ni wazima?
Mwombe mmoja wao aandike jina lake, uutazame mkono wake. Mwili huhitaji takribani miezi miwili kutoa nusu ya zebaki iliyoingia, hivyo anayechoma kila wiki hujilimbikizia sumu pole pole: mikono hutetemeka, usingizi hukosekana, fizi huvimba, kumbukumbu hupungua, hasira huwa karibu. Ndugu husema amerogwa, naye hupelekwa kwa mganga wa kienyeji miezi mingi kabla ya sisi kumwona. Hajarogwa. Aache kuchoma, aje apimwe mkojo, kwa maana kutetemeka kulikoachwa muda mrefu huenda kusiishe hata baada ya matibabu.

Tunachomea jikoni, mlango ukiwa wazi. Haitoshi?
Haitoshi hata kidogo. Mvuke hupoa, ukatua kwenye kuta, vyombo na matandiko, kisha hupanda tena hewani siku baada ya siku. Kwa mama mjamzito hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Hakuna namna salama ya kuchomea zebaki ndani ya nyumba inayolaliwa na watoto.

Kinga ni ipi basi?
Iliyo bora ni kutotumia zebaki kabisa. Anayeitumia bado atumie chombo cha kuchomea kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke na kuukusanya, nje na mbali na makazi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huu. Vaa glavu, acha nguo za kazi kazini, usile wala kuvuta sigara hapo mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu. Zebaki iliyomwagika isifagiliwe kwa ufagio, kwani hutawanyika, na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa, yasimwagwe mtoni, ambako sumu huingia kwenye samaki tunaowala.